Kufunga winchi kwenye bampa ya chuma: mwongozo kamili kwa magari ya Tabora na jirani zake

Ukiacha lami ya Sikonge ukaingia njia za msituni zinazokwenda kwenye kambi za walina asali, au ukateremkia mbuga ya Wembere kule Igunga mvua zikiwa zimekolea, utakutana na ule udongo mweusi ambao ukilowa haushiki tairi wala haukuachii uondoke. Fowili inasaidia mpaka difu zilale kwenye tope. Baada ya hapo ni jembe, ni vijana wa kijiji cha jirani, au ni winchi, yaani mashine ya umeme inayofungwa mbele ya gari na kulivuta kwa kamba.

Ndiyo maana wenye Land Cruiser na Hilux wengi hapa Tabora, pamoja na wenzetu wa Kigoma wanaohangaika na njia za Uvinza na Kasulu, wanavua bampa ya kiwandani, wanaweka ya chuma, halafu wanaomba wafungiwe winchi. Kazi yenyewe fundi mwenye vifaa anaimaliza kwa siku moja. Shida ni kwamba watu wanaanza kwa kununua winchi, wakati cha kuanza nacho ni bampa. Winchi yenye nguvu ya kuvuta kilo 5,000 ukiifunga kwenye bati la milimita 3 italing'oa, na chuma kinachong'oka kikiwa kimebeba mvuto wa tani kadhaa kinarukia kule kamba ilikoelekea, yaani kwa watu waliosimama mbele. Kwa sababu hiyo nitakaa sana kwenye chuma kabla sijagusa umeme.

Kagua bampa kwanza

Lala chini ya gari, washa tochi, ufuate kwa kidole njia ya nguvu. Inaanzia kwenye ndoano, inapita kwenye roli za mbele, inaingia kwenye ngoma ya winchi inayozungushiwa kamba, kisha kwenye miguu ya winchi, kwenye sahani iliyoibeba, kwenye miguu ya bampa, hadi kwenye chasisi. Popote kidole kinapokuta chuma chembamba, bolti moja mahali palipotakiwa tatu, au weldi iliyokaa juujuu bila kuzama, hapo ndipo patakapoachia.

Bampa za kununua zilizotengenezwa kwa ajili ya winchi huja na sahani yake ndani, na matundu yake yameshatobolewa. Lakini bampa nyingi unazoziona mitaani ni za mafundi wetu wa kuchomelea. Nyingine ni kazi safi kabisa, zinahimili ng'ombe, visiki na miti midogo. Ila angalia nguvu inakwenda upande gani. Ng'ombe akigongwa, bampa inasukumwa kuelekea kwenye chasisi, na chasisi inaipokea. Winchi ikivuta, bampa inatolewa nje ya gari. Bampa iliyoshikwa na bolti mbili ndogo inaweza kuzuia ng'ombe miaka yote, halafu ikachomoka siku ya kwanza ya kuvuta.

Mimi huwa nadai mambo matatu kabla sijakubali kufunga. Sahani ya winchi iwe na unene wa milimita 6 kwenda juu, na itoke mguu mmoja wa bampa hadi mguu wa pili, isiwe imeshikizwa kwenye bati la mbele peke yake. Kila mguu ushike chasisi kwa bolti zisizopungua tatu za M12, yaani zenye unene wa milimita 12, na kichwani ziwe zimegongwa namba 8.8, ambayo ni daraja la uimara wa bolti. Na bolti hizo zipite ubavuni mwa chasisi, kwa sababu bolti iliyolala hivyo inapokea mvuto kwa unene wake wote, tofauti na ile inayotazama mbele ambayo mvuto unaivuta kwa urefu wake na kuitegemeza kwenye uzi wa nati. Bolti isiyo na namba kichwani iache dukani, hata muuzaji akikuapia.

Kama bampa ni nzuri ila sahani ni nyembamba, itoe garini uipeleke kwa fundi wa kuchomelea akaongeze sahani nzima pamoja na mbavu za pembetatu kwenye kona. Usikubali achomelee bampa ikiwa garini. Ikibidi kabisa, toa terminali zote mbili za betri, na ardhi ya mashine ya kuchomelea ibanwe karibu kabisa na panapochomwa, la sivyo umeme wake utatafuta njia nyingine na unaweza kuua alternata au kompyuta ya gari.

Wenye Hilux za miaka ya karibuni waangalie jambo moja zaidi. Magari haya yana sensa za mifuko ya hewa sehemu ya mbele, na sehemu hiyo imetengenezwa ikunjike kwa kiasi fulani wakati wa ajali. Tafuta bampa iliyotengenezwa kwa toleo lako la gari, na sensa usiihamishe hata kama inakuzuia kupata nafasi.

Winchi ya ukubwa gani

Chukua uzito wa gari likiwa limepakia kila kitu, zidisha kwa moja na nusu. Hilux dabo kebini iliyojaa abiria, mafuta na mizigo hukaribia kilo 3,000. Mara moja na nusu ni 4,500, kwa hiyo winchi ya paundi 10,000, ambayo ni kama kilo 4,536, inatosha. Land Cruiser pikapu iliyopakia vizuri inafika kilo 3,300 hadi 3,500, nayo inataka ya paundi 12,000, yaani karibu kilo 5,443.

Hesabu hii watu huiona imezidishwa, lakini haijazidishwa. Namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya mzunguko wa kwanza wa kamba, ule uliogusana na ngoma yenyewe. Kamba ikipanda tabaka la pili, la tatu na la nne, ngoma inakuwa nene na nguvu inapungua, hadi tabaka la juu kabisa linabaki na kama theluthi mbili ya nguvu, au chini ya hapo. Halafu gari lililolala kwenye tope linazidi uzito wake wa kawaida, maana tope nalo linavuta upande wake.

Waya wa chuma au kamba ya nyuzi

Waya wa chuma ni wa bei nafuu, unavumilia jua na kukwaruzwa na mawe. Ubaya wake ni kwamba ni mzito, nyuzi zake zikikatika zinachoma kiganja, na ukikatika ukiwa umevutwa unaweza kuua mtu. Kamba ya nyuzi za plastiki ngumu ni nyepesi sana, unaibeba begani ukipita kwenye maji, na ikikatika hairuki kwa ukali ule. Inaharibiwa na jua, mchanga na kitu chochote chenye makali.

Kwa misitu yetu ya miyombo, ambako unabeba kamba kwenye tope mwenyewe na mara nyingi uko na msaidizi mmoja tu, mimi napendelea ya nyuzi. Mwenye gari la kazi linaloshinda juani mwaka mzima bila kifuniko, bora waya. Usichanganye tu. Waya unapita kwenye roli nne za chuma. Kamba ya nyuzi inapita kwenye kinywa laini cha alumini. Ukivalisha kamba mpya kwenye roli zilizokwishakwanguliwa na waya, yale makali madogo yataila kimyakimya.

Betri na volti

Hapa usikisie. Baadhi ya magari ya dizeli kutoka Japani yana betri mbili, na kuona betri mbili hakukuambii kitu: nyingine zimeungwa sambamba zikatoa volti 12, nyingine zimefuatana zikatoa 24. Weka mita kwenye waya mkuu unaokwenda kwenye stata, usome mwenyewe, ndipo ununue winchi ya volti hizo. Winchi ya volti 12 usiichotee umeme kwenye betri moja kati ya mbili za mfumo wa 24. Betri hiyo itachoka peke yake, na mwenzake atachajiwa kupita kiasi.

Winchi ya paundi 12,000 ya volti 12 ikivuta mzigo wake wote inakula ampea 400 na zaidi. Hakuna alternata ya pikapu inayotoa hizo, kwa hiyo zinatoka kwenye betri. Betri iwe nzima, yenye nguvu ya kuwashia isiyopungua CCA 650 (CCA ni kipimo cha ampea za kuwashia injini kwenye baridi), na injini iwe inanguruma muda wote wa kuvuta. Betri inayolazimisha gari lisukumwe asubuhi haiwezi kazi hii.

Kuifunga

Kwenye magari mengi nafasi ni finyu, kwa hiyo winchi inaingizwa kwenye bampa chini, kwenye turubai, halafu bampa na winchi vinapandishwa pamoja. Winchi ni kilo 25 hadi 40, na bampa inaweza kuizidi. Tafuta watu watatu, au jeki ya gereji yenye ubao juu yake.

Kabla ya kukaza chochote, iweke winchi mahali pake bila bolti, ukague vitu vinne. Mkono wa klachi, ule unaoachia ngoma izunguke huru, unafikika kwa kiganja chako, na unageuka hadi mwisho bila kugonga bampa? Kama haufikiki, winchi nyingi zinaruhusu kufungua bolti za boksi la gia na kulizungusha hadi mkono utazame mahali pazuri. Fanya hivyo juu ya meza safi, usiitoe gia yenyewe wala grisi yake. Matundu ya kutolea maji kwenye mota yanatazama chini? Sanduku la umeme lina mahali pa kukaa, au litahamia ndani ya boneti? Na nyuma ya winchi, kuna upenyo wa hewa kufika kwenye rejeta? Jua la Septemba na Oktoba hapa Tabora ukiongeza na bampa iliyoziba kila tundu, gari litachemka kwenye mchanga hata kabla hujakwama.

Winchi nyingi za ukubwa huu zina matundu manne yaliyokaa kwa inchi 10 kwa inchi 4 na nusu, yaani milimita 254 kwa 114.3. Yapime kwenye sahani. Tundu likikosea kidogo, lipanue kwa drili na faili. Kulitoboa kwa moto wa kuchomelea kunaacha kingo zilizoungua na tundu lenye umbo la yai.

Sasa bolti, na hapa naomba subira yako. Kwenye miguu ya winchi kuna vijumba ambamo nati zinaingizwa kwa upande, na nati ikishaingia huioni tena vizuri. Bolti zilizokuja na winchi mara nyingi ni za M10 zilizopimwa kwa sahani ya kawaida. Kama fundi wako ameongeza sahani, bolti hizo zitakuwa fupi: zitashika nyuzi mbili tatu za nati na utaona zimekaza kabisa. Zikiwa ndefu mno, ncha inagota mwisho wa kijumba kabla kichwa hakijabana sahani, nawe utahisi ugumu uleule mkononi. Kwa hiyo jaribu bolti na nati nje kwanza. Pima unene wa sahani, ongeza washa ya kawaida na ya springi, hakikisha ncha ya bolti inaijaza nati yote na bado ina nafasi mbele yake. Ingiza zote nne kwa vidole, kisha kaza kwa kupishana pembe kwa pembe. Tumia spana ya kupimia nguvu kama ipo; kitabu cha winchi kikikaa kimya, Nm (nyutoni mita) 45 hivi ni kawaida kwa M10 ya 8.8. Bolti za M12 za bampa kwenye chasisi huchukua karibu Nm 85.

Roli au kinywa cha alumini hufuata, na kikae katikati kabisa ya ngoma. Namba ya gari nayo itafutie mahali pengine panapoonekana wazi, kwa sababu mara nyingi ndipo winchi imekalia.

Waya za umeme

Toa terminali ya hasi ya betri, uiweke mbali isije ikajirudia yenyewe.

Mota ina vichwa vitatu vilivyoandikwa A, F1 na F2, na cha nne cha ardhi, ambacho huwa chini yake. Waya tatu fupi kutoka kwenye sanduku zina rangi au alama zinazolingana na herufi hizo. Unapokaza nati ya nje, shika ile ya ndani kwa spana nyingine. Kichwa kikizunguka pamoja na nati, kinakatika ndani ya mota pasipoonekana, na winchi mpya inakuwa mzigo wa chuma. Sanduku nyingi pia zina waya mmoja mwembamba mweusi unaokwenda kwenye ardhi ya mota. Ni rahisi kuusahau. Ukiusahau, utabonyeza rimoti na hutasikia hata mlio wa solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyomo sandukuni.

Waya mnene mweusi kutoka ardhi ya mota upeleke hadi kwenye hasi ya betri yenyewe. Kuufunga kwenye bodi au chasisi ni kutafuta joto na kutu. Mwekundu uende kwenye chanya, ukipitia swichi kubwa ya kukata umeme iliyo karibu na betri, yenye uwezo wa kubeba ampea za winchi yako. Swichi hii si mapambo. Waya mwekundu ukichubuka kwenye makali ya bati bila kitu cha kuukata, gari linaungua. Unene wa waya uwe milimita za mraba 35 kama umbali kutoka betri hadi winchi ni mfupi. Betri ikiwa nyuma au mbali, panda hadi 50.

Zipitishe waya mbali na feni, ekzosi na usukani. Kila zinapopita kwenye bati, weka mpira kwenye tundu, na uzivalishe bomba la mpira la maji lililopasuliwa, kisha uzifunge kila baada ya shibiri. Lagi, yaani vile vichwa vya chuma vya ncha za waya, zibanwe kwa mashine ya kubania. Lagi iliyogongwa kwa nyundo inaonekana imeshika, lakini ndani ina hewa. Vuta mzigo mzito dakika moja halafu iguse, utaikuta inaunguza. Ukimaliza, swichi ikiwa imezimwa, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho.

Kuzungusha mara ya kwanza na kulaza kamba

Washa swichi, fungua kamba kidogo, bonyeza rimoti kutoa na kuingiza. Kamba lazima ijizungushe kupitia upande wa ngoma ulio karibu na miguu ya winchi, kwa sababu breki ya ndani na bolti vimepangwa kwa mvuto wa upande huo. Ikiwa rimoti inafanya kinyume, badilishana waya za F1 na F2.

Kamba iliyotoka dukani imezungushwa kilegelege. Ukiivutia gari ikiwa hivyo, matabaka ya juu yatajichimbia katikati ya yale ya chini na kunasa. Tafuta mteremko mdogo wa changarawe, toa kamba yote lakini acha mizunguko mitano ya waya kwenye ngoma, au minane hadi kumi kama ni ya nyuzi. Ifunge kwenye mti imara kwa mkanda mpana, gia ikiwa huru na injini inawaka, kisha ujivute taratibu kupanda huku dereva akigusa breki kidogo tu. Kilo 230 za mvuto zinatosha. Msaidizi awe na glovu, asimame pembeni, aangalie kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake. Kamba ikienda upande mmoja, simama, ilegeze, ipange upya. Mita ya mwisho ivutwe kwa kubonyeza na kuachia, ndoano ikiwa imeshikwa kwa kitanzi cha mkanda, vidole vikiwa mbali na roli.

Siku ya kukwama

Vaa glovu. Funga mkanda mpana kwenye mti chini kabisa, karibu na ardhi, kamwe usizungushe waya wenyewe kwenye gome. Na kabla hujaukaribia mti, tazama juu. Huku kwetu mizinga inatundikwa kwenye mitundu na miti mingine mikubwa msituni, na mti ukitikiswa na mvuto wa tani tatu, nyuki watashuka kuuliza.

Tandika blanketi zito au turubai lenye tope katikati ya kamba, watu wasimame mbali kuliko urefu wa kamba iliyotoka, na asiwepo wa kuiruka. Vuta chini ya dakika moja, pumzisha, gusa mota kwa kiganja. Ikiwa huwezi kukiacha hapo, ngoja ipoe. Mzigo ukizidi, tumia kapi: kamba iende hadi kwenye kapi lililofungwa mtini na irudi kwenye kiungo cha kuvutia kilichoko kwenye chasisi ya gari lako. Nguvu inakaribia kuwa mara mbili, mwendo unapungua nusu, na mti unabeba karibu mara mbili pia, kwa hiyo chagua mti mnene. Kule Wembere ambako miti hakuna, tairi la akiba au gogo linafukiwa kwenye shimo refu lililokingama na njia ya kamba, nayo kamba inachimbiwa mfereji ili ivute kwa mlalo badala ya kulinyanyua.

Mambo ya baada ya kufunga

Pua ya gari itashuka. Kama springi za mbele zilikuwa zimechoka, sasa utasikia shokapu zikigota kwenye kila shimo; weka springi za kubeba uzito ulioongezeka, na urekebishe taa za mbele baada ya hapo.

Baada ya mvuto wa kwanza wa kweli, kaza upya bolti zote, za winchi na za miguu ya bampa. Kisha chukua rangi nyeupe upige mstari mwembamba unaoanzia kichwa cha bolti na kuingia kwenye sahani. Kila unapoosha gari, tazama mistari hiyo. Mstari ukivunjika, bolti imezunguka, na winchi isitumike mpaka ujue kwa nini. Waya wa chuma upanguse na kuupaka mafuta mepesi. Kamba ya nyuzi ioshwe kwa maji safi mchanga utoke, ikaushwe kivulini. Mara moja kwa mwezi, hata kama hujakwama, toa mita kadhaa na uzirudishe, ili maji yaliyoingia kwenye mota yasipate nafasi ya kuigandisha.